Kujisomesha Fizikia Nyumbani

Mwezi huu tumeona vyema tujibu suali ambalo wazazi wengi wamekuwa wakituuliza, wengine baada ya sala na wengine njiani: Je, kijana aliyemaliza Kidato cha Nne, kisha akakosa njia ya kuendelea na skuli kwa sababu ya maradhi ya mzazi au uchache wa mali, aweza kujisomesha mwenyewe masomo ya Kidato cha Sita, na khasa Fizikia, akaingia katika mtihani pamoja na wenzake walio skuli?

Kabla ya kujibu yatupasa tukiri jambo moja. Sisi si watu wa fizikia. Elimu yetu ni ya chuoni, na skuli tulisoma ya msingi tu. Basi hatusemi kwa ujuzi wa somo lenyewe, bali twasema kwa tuliyoyashuhudia, na kwa kosa tulilolitenda. Kwani kijana mmoja alitutaka shauri, nasi tukampa shauri baya kwa nia njema. Tukilinyamazia kosa hili, kesho mzee mwengine atampa mwanawe shauri lile lile.

Mtaani kwetu Ng'ambo, mjini Unguja, yupo binti mmoja aliyekhitimu Qurani chuoni kwetu. Skuli nayo aliipenda, na mtihani wa Kidato cha Nne alifaulu vizuri, akachaguliwa kuendelea na Fizikia, Kemia na Hisabati. Siku chache kabla ya kuanza, mama yake alipatwa na kiharusi. Baba alikwisha tangulia mbele ya haki, na mdogo wake wa kiume alikuwa bado mtoto. Binti akabaki nyumbani kumwuguza mama, na nafasi yake ya skuli ikapotea. Ulipopita mwaka na zaidi, mama akaanza kutembea kwa mkongojo, binti akasikia ya kwamba Baraza la Mitihani la Tanzania huwakubali watu wafanye mtihani wa Kidato cha Sita hali ya kuwa hawamo skulini, nao huitwa watahiniwa wa kujitegemea. Akatujia.

"Maalim," alisema, "nataka nifanye mtihani peke yangu. Nyumbani hapasomeki. Naomba ruhusa nikae chuoni baada ya laasiri, watoto wakishaondoka."

Ruhusa tulimpa papo hapo. Alipotuuliza asome vipi, tukamjibu bila ya kufikiri: "Soma kama ulivyosoma juzuu zako, mwanangu. Kariri mpaka ulimi uzoee, kisha ndipo ufunue ukurasa wa pili." Ndivyo tulivyosomeshwa sisi, na ndivyo tulivyowasomesha wengine kwa zaidi ya miaka thalathini, wala hatukujua ya kuwa iko elimu isiyoingia kwa mlango huo.

Binti alitutii. Kwa muda wa miezi mitatu alikusanya kanuni za fizikia zaidi ya mia moja, akazihifadhi zote, ukimtajia moja akakusomea ya pili yake bila ya kutazama daftari. Tukafurahi mno, hata tukamwita jirani yetu mmoja, mwalimu wa fizikia wa skuli ya sekondari, aje amsikilize. Kusema kweli tulitaka sifa.

Mwalimu yule aliuliza masuali mawili tu. La kwanza: nazi imeanguka kutoka kwenye mnazi wenye kimo cha mita 20, tukiuacha upepo kando, itafika chini kwa kasi gani? Binti akaandika mistari mitatu, akajibu: mita 19.8 kwa sekunde. Mwalimu akasema ni sawa, nasi tukatazama huku na huku kama kwamba tuliojibu ni sisi. La pili: alichukua jiwe dogo, akalifunga kwa uzi wa mita moja, akaliangika kwenye boriti ya chuo. Akalivuta jiwe kando, uzi ukiwa umenyooka, mpaka likapanda sentimita 5 juu ya pale lilipokuwa. Akauliza: "Nikiliachia, litachukua muda gani kufika pale chini?" Binti akaishika kanuni ile ile ya nazi, akajibu: sehemu moja ya kumi ya sekunde. Mwalimu hakusema kitu. Aliliachia jiwe, na sote tukaliona likishuka kwa utulivu. Muda wake ulikaribia nusu ya sekunde, yaani mara tano ya jawabu lile.

"Kanuni umeihifadhi," Mwalimu alimwambia kwa upole, "lakini hukuiuliza yafaa wapi."

Usiku ule mama yake alituma mtu atuulize kama si bora binti ashike cherehani, kwani ada ya mtihani ni pesa, na nyumba ina haja nyingi. Hatukuwa na la kumjibu. Tulijua ya kuwa miezi mitatu ya binti wa watu imepotea kwa neno letu.

Asubuhi yake tulikuwa tukiwasomesha watoto mlango wa tayamamu, na mtoto mmoja akauliza: "Maalim, mbona tusitayamamu kila siku, nayo ni nyepesi zaidi?" Tukamjibu kama tumjibuvyo kila mtoto, ya kwamba tayamamu ina masharti yake, ni ya aliyekosa maji au mwenye udhuru, na mtu aliyesimama kando ya kisima kilichojaa, mzima wa afya, hawezi kuitumia hata akiwa ameihifadhi neno kwa neno. Tulipokwisha kusema, tukajiona tumepata jawabu tulilolitafuta usiku kucha. Kanuni ya nazi nayo ina sharti lake. Ni ya kitu kinachozidi kasi kwa kiasi kimoja kila sekunde tangu mwanzo hata mwisho. Nazi ianguakayo moja kwa moja iko katika sharti hilo. Jiwe lililofungwa uzi haliko, kwani uzi hulizuia na kulipinda njia yake, na ongezeko la kasi yake hubadilika kila hatua mpaka likome kabisa pale chini.

Tulimwita binti tukamwomba radhi. Kisha kwa shauri la Mwalimu akaanza upya. Mbele ya kila kanuni aliandika mambo matatu: imetoka wapi, yafaa lini, na haifai lini. Hakuruhusiwa kuvuka kanuni mpaka afunge kitabu, achukue karatasi tupu, na aitoe kanuni ile kwa hesabu kutoka katika mambo yaliyo mepesi kuliko yenyewe. Zile zaidi ya mia zikawa chache ghafla, kwa sababu nyingi katika hizo zilikuwa watoto wa kanuni mbili tatu, na mwenye kuwajua wazee hana haja ya kuwahifadhi watoto wote.

Hapo ndipo palipodhihiri upungufu mwengine, nao ni wa hesabu. Fizikia ya Kidato cha Sita huenda kwa aljebra, kwa hesabu za pembe, na kwa hesabu za mambo yanayobadilika kidogo kidogo. Binti alikaa wiki sita na hesabu peke yake. Jamaa zake wakadhani amekwama, na kumbe ndio kwanza ameanza kwenda. Kijana anayejisomesha asione haya kurudi nyuma. Skuli hukokota kila mtu kwa mwendo mmoja, na faida ya kuwa peke yako ni kwamba hapana akuharakishaye.

Jambo la pili ni lugha. Mtihani huulizwa na hujibiwa kwa Kiingereza, ilhali sisi tumelelewa kwa Kiswahili, na maneno ya nyumbani hayakatwi kwa kipimo cha fizikia. Sisi husema "nguvu" kwa asukumaye gari, "nguvu" kwa chakula kinachoushibisha mwili, na "nguvu" kwa mashine ipandishayo maji upesi kuliko nyengine. Kwa fizikia hayo ni mambo matatu mbali mbali. Tuchukue ndoo ya maji ya kilo 20 inayopandishwa kutoka kisimani. Kani ya kuiinua ni nyutoni 196. Ikipanda mita 3, nishati iliyotumika ni juli 588. Ikipanda kwa sekunde 6, kasi ya kuitumia nishati hiyo ni wati 98. Ndoo ni moja na kamba ni moja, lakini masuali ni matatu na majawabu ni matatu.

Hata neno "kazi" si lile tulijualo. Mama aliyesimama kwenye foleni ya maji nusu saa, naye amebeba ndoo iliyojaa bila ya kuisogeza juu wala chini, kwa hesabu ya fizikia hakuifanyia ndoo ile kazi yoyote. Binti alipomweleza mama yake haya, mama alicheka kicheko ambacho hatukukisikia tangu alipougua, akasema: "Basi huyo aliyeitunga fizikia hakupata kuchota maji." Lakini jambo lenyewe lilimkaa binti moyoni, na mtihani hauulizi zaidi ya hivyo. Shauri letu ni hili: kijana akifahamu kwanza maana kwa Kiswahili mpaka aweze kumweleza mzee wake, kisha alitie neno la Kiingereza, maana yake na kipimo chake katika daftari, na mwisho azoee kuandika jawabu zima kwa Kiingereza. Mwenye kuanza na neno la kigeni kabla ya maana hupata neno tu.

Jambo la tatu ni majaribio. Mtihani wenyewe una karatasi tatu, mbili za maandishi na moja ya vitendo, na watu wengi huiogopa hii ya tatu kwa kuwa hawana vyombo. Kweli vyombo ni shida, lakini si kila jaribio lahitaji chumba cha skuli. Lile jiwe la Mwalimu tuliliacha limening'inia boritini, na jioni moja binti akataka kulitumia kupima mvuto wa ardhi. Kanuni yake ni hii: chukua muda wa kwenda na kurudi mara moja, uuzidishe kwa wenyewe; kisha chukua urefu wa uzi, uuzidishe kwa 39.48, na hii ya pili uigawe kwa ile ya kwanza. Sharti lake ni kwamba jiwe livutwe kando kidogo tu. Binti alishika saa ya simu, nasi tukapewa kazi ya kuhesabu. Akaachia jiwe, tukahesabu "moja, mbili, tatu" mpaka ishirini. Saa ikasema sekunde 38.2. Akapiga hesabu, ikatoka 10.8, na kitabu kinasema karibu ya 9.8.

Sisi tulikuwa tayari kukilaumu kitabu, tukasema labda mvuto wa huko kilikoandikwa si kama wa huku. Binti akatwambia kwa adabu kuwa mvuto kweli hutofautiana, lakini kidogo mno: kwenye ikweta, usawa wa bahari, ni 9.78, na kwenye ncha za dunia ni 9.83. Basi tofauti yetu haikutoka huko. Akakaa kimya, kisha akasema: "Maalim, uliposema 'moja', jiwe lilikuwa ndio kwanza linaachiwa. Halikuwa limekwenda na kurudi hata mara moja." Alisema kweli. Tulihesabu mwendo 19 tukauita 20. Tukarudia, safari hii tukaanza kwa "sifuri", na saa ikasema sekunde 40.2. Hesabu ikatoka 9.77. Tangu siku ile tumejua ya kuwa jiwe, uzi na boriti ya chuo vyaweza kumkosoa maalim, tena bila ya kumvunjia heshima.

Baadaye alibadilisha urefu wa uzi mara tano, akachora grafu, akaona faida nyengine: hata ukikosea kidogo mwisho wa uzi uko wapi, ukapima mpaka kichwa cha jiwe badala ya katikati yake, mchoro hubakia na mwinamo ule ule, na kosa lako hujitokeza peke yake pembeni. Haya si mambo mageni kwetu. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra kiasi cha mwaka 965, hakutosheka na waliyoyasema wa kale juu ya namna jicho linavyoona. Aliipima nuru mwenyewe, akaipitisha katika matundu na mahali penye giza, na aliyoyapata akayaandika katika Kitab al-Manazir.

Ama kujisomesha kwenyewe, mfano ulio wazi ni wa Michael Faraday wa Uingereza. Alizaliwa mwaka 1791, mtoto wa mhunzi, na skuli hakusoma ila kidogo. Alipofika miaka 14 alitiwa kazini kwa mjalidi wa vitabu, naye akawa anavisoma vitabu anavyovijalidi, na yale majaribio ya umeme aliyoweza kuyapatia vyombo kwa senti zake akayafanya mwenyewe. Mwaka 1812 alipata nafasi ya kumsikiliza Humphry Davy, mwanachuoni mkubwa wa kemia, akayaandika yote kwa mkono wake, akayajalidi kitabu, akampelekea. Mwaka wa pili yake Davy akamwajiri. Ni Faraday huyu aliyegundua mwaka 1831 ya kuwa sumaku inayosogea karibu na waya huzalisha umeme, na mashine kubwa zinazotuletea umeme majumbani bado huenda kwa njia hiyo. Lakini kijana asome khabari hii mpaka mwisho wake: Faraday hakukaa peke yake chumbani. Alikuwa na jamaa wa kusoma pamoja, na alimtafuta wa kumsahihisha. Mwenye kujisomesha amekosa skuli. Asijinyime na msahihishaji.

Basi kwa kijana aliyekwisha kata shauri, haya ndiyo tuliyoyaona yakifaa. Aulize mapema masharti ya kusajiliwa, kwani usajili hufungwa miezi mingi kabla ya mtihani wa mwezi wa Mei. Apate muhtasari wa somo, aufuate huo, asifuate utashi wake. Afanye mitihani ya miaka iliyopita, kitabu kimefungwa na saa iko mbele yake, wala asitazame majawabu mpaka amalize. Makosa yake ayaandike katika daftari la peke yake, na kila Ijumaa ayapitie hayo kabla ya kuongeza jipya. Mafunzo ya kwenye simu ni mema, lakini kumtazama mtu akikokotoa si kukokotoa, kama vile kumtazama mpishi kusivyoshibisha. Na kila wiki mbili apate mtu wa kumwonyesha kazi yake.

Nasi wazazi tuna fungu letu, na pengine ndilo kubwa. Jioni moja tulihesabu ni mara ngapi binti yule anaitwa kutoka chuoni kwenda nyumbani. Aliitwa mara sita: chumvi, mgeni, nguo zilizoanikwa, chumvi tena. Hapana aliyemkusudia ubaya. Lakini suali moja la fizikia lataka nusu saa isiyokatwa, na anayeitwa kila baada ya dakika kumi hulianza suali lile lile mara sita. Tulikwenda kwa mama yake tukalisema hilo. Mama alifikiri, kisha akamwita yule mdogo wa kiume, akamkabidhi ndoo na sokoni. Tangu siku hiyo saa mbili baada ya laasiri zikawa za binti, siku sita kwa wiki. Twawauliza wazazi wetu: mtoto wa kiume akisoma, nani humwita kuleta chumvi? Basi na wa kike apewe haki ile ile.

Binti alifanya mtihani baada ya mwaka mmoja na nusu. Katika Hisabati na Kemia alipata daraja C, na katika Fizikia alipata D. Watu wengine mtaani walisema ni kidogo. Yeye mwenyewe alitwambia alikoanguka: katika karatasi ya vitendo aliletewa vyombo vya umeme, na vyombo vile alivishika kwa mara ya kwanza wiki mbili tu kabla ya mtihani, katika skuli moja iliyomfungulia mlango. Mvuto wa ardhi aliujua. Waya na mita hakuzizoea. Kwa hivyo anayemfuata asingoje. Aombe mlango huo tangu mwezi wa kwanza. Daraja hizo zimemtosha kuomba masomo ya juu, na barua yake imekwisha kujibiwa kwa kheri.

Jiwe bado limo boritini. Watoto wa chuo hulisukuma wakidhani ni mchezo, na sisi huwaacha, ila huwahimiza waanze kuhesabu kwa sifuri.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam.